Nyumba ya bei ndogo ndiyo inayopotea upesi

Wadogo zangu wa Luena, pamoja nanyi mliotoka Luena mkaacha nyumba mikononi mwa mama au shangazi, leo tuzungumze juu ya ile parseli ambayo watu wameanza kuidharau. Unauliza bei, kamisionere, yaani dalali wa nyumba, anatikisa kichwa. Unamwambia ndugu yako aliye Kolwezi kwamba paa linavuja, anakujibu: "Pesa hiyo utaitupa, nyumba ya huko haina bei." Maneno hayo yakirudiwa miaka na miaka, mwishowe hata mwenye nyumba anayaamini. Mimi ninayaogopa. Mtu anayeamini kwamba nyumba yake si kitu ndiye anayetoa karatasi yake kwa deni la mifuko mitatu ya unga na minervali ya shule ya mtoto mmoja.

Katika mji ambao bei zinapanda, mtu hukopa pesa nyingi juu ya nyumba yake, na mkopeshaji hupima, huuliza, huandika. Katika mji ambao bei zinashuka hakuna anayepima. Parseli nzima, pamoja na miembe na kisima chake, inasimama nyuma ya deni ambalo mabati ya paa peke yake yangetosha kulilipa. Ndiyo maana ninasema nyumba za bei ndogo zinapotea upesi kuliko za bei kubwa.

Kwanza tuelewe kwa nini sisi wa miji ya kampuni hatujui kupima nyumba. Si ujinga wetu. Luena ilizaliwa na makaa ya mawe. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na baada yake kampuni ya Charbonnages de la Luena ikachimba makaa kwa ajili ya treni, kwa ajili ya viwanda vya shaba kule kusini, na kwa ajili ya kiwanda cha saruji cha Lubudi. Mfanyakazi alipewa nyumba siku alipopewa kazi. Nyumba, posho, shule ya watoto, matibabu, vyote vilitoka mkono mmoja. Baba zetu hawakununua nyumba wala hawakuuza. Waligawiwa kulingana na cheo, na mtu akipandishwa cheo alihamia nyumba yenye chumba kimoja zaidi. Miaka mingi kambi nzima ilijaa nyumba ambazo hazikuwa na bei kabisa, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuziuza.

Kisha mambo yakageuka, polepole kwanza, halafu kwa kasi. Miaka ya 1950 mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba yalianza kutoa umeme, reli nayo ikaanza kuendeshwa kwa umeme, na makaa yakapoteza mteja wake mkubwa. Tarehe 1 Januari 1967 mali za kampuni ya shaba ya Union Minière zikawa za serikali, ikazaliwa ile kampuni ambayo baadaye tuliiita Gécamines. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa mwaka. Halafu mwaka 2003 na 2004 ukaja ule mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia: wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka na fungu moja la pesa, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 25 ya kazi. Ndani ya miaka hiyo hiyo, katika miji ya kampuni, nyumba zilianza kupita mikononi mwa waliokuwa wakikaa humo.

Tazameni jinsi ilivyotokea. Watu waliacha kupata mshahara wakati ule ule walipoanza kuwa wenye nyumba. Nyumba ilipata bei siku ambayo hapakuwa na mtu wa kuinunua. Kwa hiyo bei ya kwanza tuliyoisikia ilikuwa bei ya dhiki, na tukadhani ndiyo bei yenyewe.

Bei ya dhiki inaambukiza. Jirani amefiwa, anahitaji jeneza, usafiri na chakula cha matanga, anauza parseli yake ndani ya juma moja kwa aliyefika na noti mkononi. Mwezi unaofuata wewe unataka kuuza kwa utulivu, lakini kamisionere anakuambia: "Ile ya jirani imeenda kwa kiasi hiki, na ilikuwa na vyumba vingi kuliko yako." Msiba wa jirani umegeuka kipimo cha kartie yote. Usikubali. Muulize huyo kamisionere: jirani aliuza kwa siku ngapi? Alikuwa na sertifika ya usajili? Aliuza kwa mgeni au kwa yule yule aliyekuwa anamdai? Mara nyingi majibu yatakuonyesha kwamba ile haikuwa bei ya nyumba, ilikuwa bei ya haraka.

Hatuko peke yetu katika jambo hili, na inafaa mjue. Ng'ambo ya mpaka, Luanshya nchini Zambia, wachimbaji waliuziwa nyumba za kampuni ya serikali, bei ikikatwa kwenye marupurupu yao ya mwisho wa kazi. Mwaka 2000 kampuni iliyonunua mgodi, RAMCOZ, ikashindwa na kuwekwa chini ya mfilisi. Watu wakabaki na nyumba bila mshahara, kama sisi. Na mbali zaidi, Detroit, mji wa magari nchini Marekani, ulikuwa na watu wapatao milioni 1.85 mwaka 1950. Kufikia 2010 walikuwa wamebaki kama 713,000. Huko watu wengi hawakupoteza nyumba kwa sababu ya mikopo ya banki tu. Walizipoteza kwa kodi ya ardhi ambayo hawakulipa, madeni ya dola elfu chache, na nyumba zao zikapigwa mnada ambao bei ya kuanzia ilikuwa dola 500. Mara nyingi mnunuzi wa mnada alikuwa mtu wa mbali aliyenunua nyumba nyingi kwa mara moja. Hebu fikirini: nchi tajiri, mahakama zinafanya kazi, lakini nyumba ya bei ndogo ilitoka kwa deni dogo, vilevile kama hapa kwetu Haut-Lomami.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe. Wengi wenu hamna mkopo wa banki na pengine hamtaupata, maana banki haiji kutafuta dhamana mahali ambapo haiwezi kuiuza. Mlicho nacho ni Banki Lambert. Sihitaji kuwaeleza: haina jengo wala kibao mlangoni, ni mama fulani au baba fulani mwenye pesa, anayekupa leo na kutaka zaidi mwisho wa mwezi. Asilimia 30 kwa mwezi, wakati mwingine 50. Shikeni kalamu, tupige hesabu pamoja. Umechukua dola 200 kwa asilimia 30. Kila mwezi unampelekea dola 60, na unajisikia mwaminifu. Miezi sita imepita, umeshamlipa dola 360, na deni la dola 200 liko pale pale halijapungua hata dola moja. Na kama hukulipa kitu, riba ikawekwa juu ya riba, baada ya miezi sita unadaiwa karibu dola 965. Kwa parseli nyingi za mji ulioshuka, hapo deni limeshakaribia nyumba. Mkopeshaji alijua hivyo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana alikuwa mpole.

Tena angalieni aina ya pesa. Deni linaandikwa kwa dola, wewe unauza mihogo, samaki wa Lualaba na makala kwa franka. Franka ikianguka, deni linakua hata kama hujakopa tena. Ukilazimika kukopa, omba deni liandikwe kwa pesa ile ile unayoipata. Mkopeshaji akikataa kata kata, umepata habari muhimu kuhusu nani anategemewa kubeba hasara.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini mimi siwaambii msikope kamwe. Mtoto akiwa na malaria kali usiku, utakopa, na utafanya vyema. Ninachowaomba ni hiki: deni la ugonjwa liwe deni la ugonjwa, lisigeuke kuwa biashara ya ardhi. Weka rehani redio, baiskeli, cherehani, hata mavuno ya mahindi yaliyo shambani. Vitu hivyo vikienda, vinauma, lakini watoto bado wanalala chini ya paa lenu. Na chama cha akina mama, likelemba ya soko, kikundi cha kanisa, vinatoa pesa bila kuuliza karatasi ya parseli. Wengine wanaona haya kuomba huko kwa sababu watu watajua shida zao. Mdogo wangu, watu watajua zaidi siku utakapotolewa vyombo nje.

Kuna hila moja ninayotaka kuisema polepole ili kila mtu aisikie. Mkopeshaji hakwambii usaini hati ya mkopo. Anakwambia usaini hati ya kuuza. Anasema ni "kwa usalama tu", kwamba ukilipa ataichana. Wakati mwingine tarehe inaachwa wazi, wakati mwingine kiasi kinaachwa wazi, na mashahidi ni watu wake. Ukishindwa mwezi wa tatu, anatoa karatasi inayosema ulimuuzia parseli kwa hiari, ukapokea pesa zote. Mbele ya chefu wa kartie utalia na kueleza, na yeye ataonyesha saini yako. Usisaini hati ya kuuza kitu ambacho huuzi. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Hakuna dharura inayobadilisha maneno haya mawili, hata ile ya hospitali.

Na sheria inasemaje? Inasema mengi mazuri ambayo hayafiki kartie. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo sheria za pamoja za OHADA kuhusu dhamana na kuhusu kukamata mali zinafanya kazi kwetu pia. Ile ya dhamana, ya tarehe 15 Desemba 2010, inakataza mkataba unaosema "usipolipa, nyumba inakuwa yangu" pale ambapo nyumba iliyowekwa rehani ni ya kuishi. Someni tena sentensi hiyo. Nyumba unayolala na watoto haiwezi kugeuka mali ya mkopeshaji kwa sababu tu mliandikiana hivyo mezani kwake. Anayekudai akitaka nyumba iuzwe, njia yake ni mahakama: awe na hati yenye nguvu ya kutekelezwa, wisie, yaani ofisa wa mahakama, akuletee onyo rasmi, upewe siku za kulipa, masharti ya mnada yawekwe wazi, nyumba iuzwe mbele ya watu. Pesa za mnada zikizidi deni na gharama, ziada ni yako. Njia hiyo ni ndefu, na mkopeshaji wa mtaani haipendi. Ndiyo maana anakutishia badala ya kukushtaki.

Tena rehani ya nyumba haizaliwi kwa kukabidhi karatasi. Inapaswa kuandikwa kwenye sertifika na konservatere wa hati za ardhi. Mtu anayeshikilia bahasha yako kabatini ameshika karatasi; hajashika haki juu ya parseli. Anaweza kukusumbua sana, maana bila karatasi huwezi kuuza wala kugawa mirathi kwa urahisi, lakini si mwenye nyumba. Na sheria yetu ya makosa ya jinai inamjua mtu anayetumia shida au ujinga wa mkopaji ili kujipatia riba iliyopita kiasi. Si lazima ukimbilie kumshtaki. Lakini ukienda kuzungumza naye ukiwa umejua hilo, na ukiwa na mjomba mmoja mzima pembeni, mazungumzo yanabadilika.

Sasa niulize swali ambalo wengi hawapendi. Hiyo karatasi yenyewe, ni ipi? Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni ya serikali. Raia anapata haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya usajili. Fishi ya parseli, kitabu cha zamani cha mwenye nyumba, barua ya kampuni, cheti cha chefu: hivyo vyote ni alama za njiani, vinasaidia kuonyesha kwamba upo na umekaa, lakini si mwisho wa safari. Wengi katika miji yetu walisimama katikati. Baba alipata barua ya kampuni, akaiweka ndani ya Biblia, akafa. Watoto wanasema "tuna karatasi". Mna mwanzo wa karatasi.

Najua mtaniambia: Yaya, kwa nini tutumie pesa kutafuta sertifika ya nyumba isiyo na bei? Kwa sababu sasa hivi, wakati bei iko chini, ndipo hakuna anayegombana nanyi. Siku bei ikipanda, watatokea binamu, atatokea mtu aliyenunua kwa binamu, itatokea hati ya kampuni yenye namba ile ile. Anayekwenda ofisini wakati mji umelala anakuta majirani bado wako hai wa kushuhudia mpaka uko wapi. Na sertifika ikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, sheria inailinda sana. Kwa watu wa Luena safari inakwenda Kamina, makao makuu ya jimbo. Ni gharama, treni ya SNCC mnaijua. Lakini familia tano za barabara moja zinaweza kuchangia nauli ya mtu mmoja mwaminifu akaulize kwanza: parseli zetu zimeandikwaje, kwa jina la nani, na kinachokosekana ni nini. Kuuliza ni nusu ya kazi. Na mkilipa kodi ya ardhi, hata kama ni kidogo, tunzeni risiti mahali pakavu.

Akina mama, hapa ninawasemesha ninyi hasa. Kanuni ya Familia yetu inataka mume na mke wakubaliane kabla ya parseli kuhamishwa au kuwekwa rehani, hata kama imeandikwa kwa jina la mmoja wao. Mumeo akiwa amekopa juu ya nyumba bila wewe kujua, usikae kimya kwa aibu, hiyo saini yake peke yake ina kasoro. Na mjane: sheria inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi pamoja. Mashemeji wakija siku ya arobaini na kamisionere nyuma yao, wanakuja na desturi waliyoikata vipande wakachagua kinachowafaa. Najua desturi ya Baluba ina wazee wenye hekima ambao hawataki mjane atupwe. Watafute hao kabla ya siku yenyewe, uwaeleze, waje wakae upande wako. Sheria peke yake inafika imechoka kwenye kartie. Mzee anayeheshimika anaisaidia kutembea.

Je, kuuza ni kosa? Hapana. Kuna wakati kuuza ni busara kabisa. Watoto wote wako Lubumbashi na Fungurume, mama amezeeka na anataka kuwa karibu na wajukuu, nyumba inabaki tupu. Nyumba tupu ni hasara inayotembea: mvua mbili, mchwa, mlango unang'olewa, kisha mabati yanaondoka usiku mmoja. Kuiacha hivyo kwa sababu ya kumbukumbu za baba ni kuipoteza bila hata kupokea pesa. Basi uzeni, lakini mjue mnauza nini.

Njia yangu ya kupima ni rahisi. Hesabu kwanza vifaa: mabati mangapi na yana hali gani, matofali ya kuchoma, fremu za chuma, milango ya mninga, kisima. Ungejenga leo, ungetumia kiasi gani? Ukipewa bei iliyo chini ya thamani ya vifaa vyenyewe vikiwa chini, unauza matofali na kumzawadia mtu ardhi. Kisha hesabu kodi ya pango. Tuseme vyumba vyako vinaweza kupangishwa kwa dola 20 kwa mwezi vyote pamoja; hiyo ni dola 240 kwa mwaka. Anayekupa dola 500 anarudisha pesa yake ndani ya miaka miwili na kidogo, halafu nyumba ni yake bure. Kwa nini miaka hiyo miwili isiwe yako? Walimu, manesi, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara wanaokuja na kuondoka na treni: hao wanatafuta chumba kisafi chenye kufuli na choo kinachofungwa. Kama mnapangisha, andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka dhamana ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Msimkamue mpangaji kwa mwaka mzima, kwa sababu mpangaji mzuri akikimbia katika mji wenye wapangaji wachache, hamtampata mwingine upesi.

Na yule anayewaambia mngoje, bei itapanda kesho? Msikilizeni kwa makini, kisha mwulizeni amesikia wapi. Siku hizi kuna habari nyingi za reli ya Lobito, na jina Luena linatajwa ndani yake mara kwa mara. Jina ni letu lakini mji si wetu. Luena ya reli ya Lobito iko Angola, mkoa wa Moxico. Reli hiyo inaingia Kongo kwa Dilolo, inapita Kolwezi hadi Tenke. Luena yetu iko kaskazini mwa Tenke, kwenye njia ya Bukama na Kamina. Mzigo mwingi wa Lobito ukija, huenda Tenke ikachangamka, na huenda nasi tukapata cheche. Lakini mtu anayekuuzia parseli kwa bei ya Lobito amekosea ramani, au anategemea kwamba wewe utaikosea. Vivyo hivyo habari za makaa yetu kufufuliwa ili yatoe umeme. Mipango imezungumzwa zaidi ya mara moja. Mimi ninaitamani kwa moyo wote, ninataka kuwaona vijana wakirudi na shati la kazi. Lakini usikope juu ya tamaa hiyo, na usinunue parseli tatu kwa pesa za deni kwa sababu umeona gari la wageni likipima udongo.

Vijana mlio Kolwezi, Fungurume na Lubumbashi, msiudhike nikiwageukia. Mnakaa kwenye chumba kimoja ambacho kodi yake ni kubwa kuliko kodi ya nyumba nzima kwenu, na mnaona ile parseli ya Luena kama pesa iliyolala. Mnapiga simu: "Mama, uza, tununue kiwanja huku." Kiwanja gani? Bei ya pale mjini imepandishwa na shaba na kobalti, nayo inaweza kushuka kama yetu ilivyoshuka. Baba zetu nao hawakudhani kwamba kampuni ingeanguka. Ukiuza nyumba ya Luena, mara nyingi haikupi hata robo ya kiwanja Kolwezi. Pesa ile inafika kwa simu vipande vipande, inakatwa ada, inalipa madeni yako ya pango, inakwisha, na mama yako amekuwa mgeni kwa dada yake. Kabla ya kusema "uza", njoo. Kaa siku mbili. Ulale katika chumba ulicholelewa, utazame paa kwa macho yako, uzungumze na mama bila simu. Kisha familia ikae, na wale wadogo wa kike nao wawepo, kwa sababu watoto wote ni warithi, si wavulana peke yao. Mkikubaliana kuuza, uzeni mbele ya notere, pesa ihesabiwe mbele ya zaidi ya mtu mmoja, na mama aonyeshwe kwanza mahali atakapolala.

Nimewaacha mwishoni wale ambao wameshasaini, kwa kuwa ninyi ndio mnaonitia wasiwasi zaidi. Msijifiche. Anayejificha anampa mkopeshaji nafasi ya kusema kwamba alikimbia. Kesho asubuhi chukua daftari uandike kila kitu unachokumbuka: tarehe uliyopokea pesa, kiasi ulichopokea mkononi, si kile kilichoandikwa, kila malipo uliyopeleka, nani alikuwepo. Tafuta ujumbe wa simu za pesa ulizotuma, usiufute hata mmoja. Nenda kwake na mtu mzima anayeheshimika, umwambie utalipa mtaji kwa mafungu, na kila fungu lipate risiti yenye tarehe na saini. Wakopeshaji wengi hukubali, kwa sababu pesa inayokuja inawafaa kuliko kesi. Akikubali, mwombe karatasi yako iwekwe mikononi mwa mtu wa tatu ambaye ninyi nyote mnamwamini, mchungaji au mwalimu, mpaka fungu la mwisho. Akikataa na kuanza kuleta wanunuzi kuangalia vyumba, wajulishe chefu wa kartie na majirani kwa maneno na kwa maandishi kwamba nyumba hiyo haijauzwa, nakala moja ubaki nayo, nyingine ipeleke ofisi ya hati za ardhi ili anayekuja kutaka kuibadilisha jina akute pingamizi lako limefika mbele yake. Na vyombo visitolewe nje kwa kelele za mtu. Anayetaka utoke alete hukumu, alete wisie. Hadi hapo, pika bukari yako, fagia uwanja wako, na mlango ufungue wewe.